Mwaka Niliomsikiliza Mzee Saidi Akimeza Dawa

Mzee Saidi hakufa kwa mapafu. Naliandika hilo kwanza kwa sababu ndilo ambalo yeye angetaka liandikwe kwanza. Alikufa kwa uzee, asubuhi, baada ya kunywa chai, akiwa na miaka ambayo hata mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Habari ilinikuta kazini, na nilipofika kwake Kanyosha alasiri ile, wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Nilikaa ndani na wanawake, mkekani, mgongo ukutani. Mmoja wao, mpwa wa marehemu aliyetoka Uvira, akanigeukia akaniuliza kwa upole, "Na we, dada, ulikuwa nani yake?" Sikuwa ndugu, sikuwa jirani, hata dini yetu si moja. Mjane wake, Mama Mwavita, ndiye aliyenijibia kutoka pembeni: "Huyu ndiye alikuwa anamusikiliza." Mpwa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa, wala simlaumu. Ni jambo linalohitaji kuelezwa polepole, na mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kueleza polepole, kwa hiyo ngoja nijaribu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na kazi yangu ya kwanza. Nilipanga chumba mtaa wa Mutanga Sud pamoja na wasichana wawili wa chuo kikuu. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Jumapili tulipika maharage ya kutufikisha Jumatano, na kuanzia Jumatano tuliishi kwa chai, mkate na ndagala, dagaa wadogo wa kukaanga. Tulikuwa na vitanda vitatu, jiko la makaa barazani, na simu yangu chini ya mto. Simu hiyo ndiyo iliyowakosesha wenzangu usingizi, maana ilianza kulia saa kumi na moja na nusu alfajiri, mlio mmoja, kimya, mlio mwingine, hadi saa moja. "Consolate," Odette alikuwa akisema kutoka ndani ya shuka, "wachumba yako wanaamka mapema sana." Nikimjibu kwamba hao si wachumba, ni wagonjwa wa kifua kikuu, anajifunika kichwa na kusema, "Mbaya zaidi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kituo cha afya cha Kanyosha kilikuwa na wagonjwa wengi wa kifua kikuu walioanza dawa na kuziacha njiani. Vijidudu vya ugonjwa huu ni vya polepole na vikaidi. Wiki chache za dawa huua vingi, homa hushuka, hamu ya kula hurudi, na mtu hujiona amepona. Lakini vile vilivyobaki vimejificha, na ukiviacha vitarudi vikiwa vimeizoea dawa. Ndiyo maana mgonjwa humeza kila siku kwa miezi sita: mwanzo kwa ajili ya ugonjwa anaouona, na baadaye kwa ajili ya ule asiouona, na huo wa pili ndio mgumu. Watu wa mradi mmoja wa afya wakaja na gari kutoka ofisi zao za Kinindo, na masanduku ya simu ndogo, na wazo. Mgonjwa achukue vidonge vya wiki nzima. Kila asubuhi ameze, kisha anibipu: apige, aiache ilie mara moja, akate kabla sijapokea. Haimgharimu kitu. Mjini kwetu kila mtu tayari alikuwa anazungumza kwa kubipu. Binti alimbipu mchumba kumjulisha kuwa amefika, mama alibipu nyumbani waweke maji jikoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kutia alama daftarini kwa kila bipu, na kumfuata yule ambaye ifikapo saa mbili hajalia.

Muuguzi mkuu, Mama Jeneroza, mwanamke mfupi aliyevaa sweta hata katika joto la mwezi wa tisa, alizitazama zile simu kama mtu anavyomtazama mkwe mpya. "Hii kitu inalia vizuri," aliniambia. "Lakini kuku pia analia hata siku hajataga." Nilicheka. Nilikuwa kijana, nilikuwa na daftari lenye mistari iliyonyooka, na nilikuwa na Mzee Saidi.

Mzee Saidi alikuwa fundi wa magari, wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, kucha nyeusi kwa oili. Katika wagonjwa wangu wote hakukuwa na kama yeye. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, kila siku ya Mungu, bipu. Sikuhitaji saa. Nilipoisikia niliamka, nikatia alama yake kabla ya kuosha uso. Wakati wengine walisahau, au waliacha simu kwenye kibanda cha kuchajia, yeye mstari wake ulikwenda bila pengo, na nikawaonyesha watu wa mradi ukurasa wake kama mzazi anayeonyesha ripoti ya mtoto.

Mwisho wa mwezi wa pili tulimpima makohozi. Kwa mtu aliyemeza vizuri, mara nyingi wakati huo hadubini haioni tena kijidudu. Kwake iliviona, vingi, kama siku ya kwanza. Nilikwenda mbio ofisini kwa Mama Jeneroza, chumba kidogo chenye kalenda tatu za zamani na harufu ya jiki, nikamfungulia daftari mbele ya Mzee Saidi mwenyewe, aliyekuwa ameitwa kusikia majibu.

"Mama, haiwezekani. Tazama. Hajakosa hata siku moja."

"Nani hajakosa?"

"Mzee Saidi."

"Apana. Telefone ndiyo haijakosa." Akampa Mzee Saidi kikombe cha plastiki. "Baba, nenda choo ya nyuma, utuletee mukojo kidogo."

Aliporudi nacho, mkojo ulikuwa wa manjano hafifu, safi. Moja ya dawa zile hugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa. Nilikuwa nimewaeleza wagonjwa wote wasiogope wakiona hivyo. Mama Jeneroza alikishika kikombe kwenye mwanga wa dirisha.

"Mutu anameza ile dawa, anakojoa juisi ya marakuja," alisema bila ukali. "Hii ni maji tu, baba."

Mzee Saidi aliangalia viatu vyake. "Nilimeza wiki ya kwanza," akasema. "Ya kwanza tu."

Jioni ile nilimsindikiza kwake. Chumba cha mbele kilikuwa na viti viwili vya mbao, pazia la maua, na mjukuu wa miezi minane aliyelala katikati ya kitanda amezungushiwa mito. Mama Mwavita alikuwa akichoma vitumbua mlangoni, na simu, ile ya nyumba, ilining'inia shingoni mwake kwa kamba. Hapo ndipo nilipojua ni nani niliyekuwa namtilia alama. Nilipomweleza, aliacha kijiko katika mafuta.

"Si alienda nazo! Kila asubuhi nafunga vidonge kwa karatasi, anaweka mufukoni, anatoka. Ameenda nazo, nikabipu."

"Lakini mama, ulimuona akimeza?"

"Mwanangu, mi namuona akienda kazi. Sijaona siku moja akifungua motere ya gari. Na gari zinapona!"

Hakudanganya. Katika nyumba yake, mtu aliyeondoka na jembe amekwenda kulima. Mimi ndiye niliyetoa namba ya simu na kusahau kuuliza ni mkono wa nani utakaoibonyeza. Kesho yake Mzee Saidi alileta kituoni kopo la oili, na ndani yake, chini ya boliti na waya, vilikuwa vile vifurushi vya karatasi, vyote. "Sikuzitupa," aliniambia, kama mtu anayeomba apewe angalau hilo. "Dawa haitupwi."

Sasa ilibidi kungoja. Makohozi yake yalipelekwa kwenye maabara kubwa kupimwa kama vijidudu vimekwisha kuizoea dawa. Kama vimeizoea, ingekuwa matibabu mengine, marefu, ya sindano kila siku, na wakati huo si wote waliofika mwisho. Mjukuu naye alipimwa, akaanzishiwa dawa ya kumkinga. Majibu yalipokuja Mama Jeneroza aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Mungu bado anamupenda huyu muzee mukaidi." Dawa ilikuwa bado inafanya kazi. Lakini anaanza upya, siku ya kwanza, na hakutakuwa na mara ya tatu. Na kuhusu mimi alisema, "Consolate, hapana kuhesabu mulio tena. Sikiliza mutu."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilimpigia mimi. Nilitoka na simu barazani ili Odette alale, nikaketi karibu na jiko lililozimika. Mama Mwavita akampa simu.

"Uko na maji, mzee?"

"Niko nayo."

"Haya, meza. Mi nasikiliza."

Nilisikia bilauri ikigonga meno, maji yakishuka kooni mara moja, mara mbili, kisha pumzi ndefu. "Umemeza?"

"We umesikia nini?"

"Maji."

"Basi vilikuwa ndani ya maji. Vidonge havipigi honi, mwanangu."

Ndivyo alivyonichekesha mara ya kwanza. Lakini nilijua pia kwamba mtu aweza kuficha kidonge chini ya ulimi, na mtu mwenye kidonge chini ya ulimi hawezi kuzungumza kwa muda mrefu, kile kitu ni kichungu. Nikamwambia azungumze kidogo. Akauliza azungumze nini. Nikamwambia chochote, hata kazi yake. Akaanza: "Motere inapumua. Ulijua hiyo? Inavuta hewa kama mutu." Siku ile alinieleza chujio la hewa la injini. Kesho yake karburata, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Wiki ya pili tukafika kwenye breki. Alieleza bila haraka, kitu kimoja kwa siku, na kila mara aliuliza, "Umeiona?" na nikisema ndiyo kwa uvivu aliijua, akarudia kwa mfano mwingine, kutoka jikoni, kutoka kwa mwili wa mtu. Mimi niliyefikiri ndiye mwelezaji nilikuwa nimeketi kwenye kigoda Mutanga Sud nikifundishwa kueleza. Nilipomweleza kwa nini miezi sita, alinisahihisha: "Sema hivi. Ukiosha karburata nusu, gari inawaka, unafurahi, unaenda. Inakuzimikia katikati ya mulima." Nimelitumia karburata hilo kwa wagonjwa wengi tangu hapo, hata kwa akina mama ambao hawajawahi kugusa gari. Wote wameona. Siku hizi vijana ninaowasimamia hupokea video. Mgonjwa anajirekodi akimeza, anatuma, nao wanatazama kimya, moja baada ya nyingine. Ni kitu kizuri na ninakiunga mkono. Ila ninawaomba kila mmoja, angalau mara moja kwa wiki, ampigie mgonjwa mmoja na kumwuliza kitu ambacho si dawa.

Ilikuwa wiki ya nne nilipomwuliza kwa nini aliacha. Siku ile hakuzungumza magari. Alisema garajini kwao, mchana, wote hula sinia moja, Waislamu kwa Wakristo, ugali na mchuzi katikati. Mwaka uliotangulia kulikuwa na fundi mmoja, Nduwayo, mpiga rangi, aliyekuwa na igituntu, ndivyo wanavyouita ugonjwa huu kwa Kirundi. Walipojua, walimtengea sahani yake na bilauri yake, akawa anakula peke yake kwenye ukuta, mgongo kwao. Alivumilia majuma kadhaa. Siku moja hakuja, wala hakuonekana tena.

"Na nani alimtengea, mzee?"

Nilisikia mjukuu akilia kule ndani. "Ni mi," akasema. "Mi ndiye mukubwa pale. Nilichukua sahani kwa mukono yangu." Na alipougua yeye, wiki ya kwanza, dawa zilimtapisha nyuma ya lori, na fundi wa umeme mwenye mdomo, aitwaye Jumapili, akapiga kelele, "Saidi ana mimba!" Wote wakacheka. Yeye akaiona kichwani ile sahani ya Nduwayo. Toka siku ile vidonge vikaenda koponi. Na sasa je, nikamwuliza, mchana anakula wapi? Akasema anawaambia ana dawa ya tumbo, anakaa ndani ya gari moja bovu mpaka wamalize.

Nilikuwa nimeeleza kwa wagonjwa mara nyingi: ugonjwa huu husafiri kwa hewa, mtu anapokohoa katika chumba kilichofungwa. Hausafiri kwa sahani, wala kijiko, wala ugali. Na mtu aliyemeza vizuri kwa majuma machache kwa kawaida hawaambukizi tena wenzake. Lakini nilikuwa nimewaeleza wagonjwa tu, watu ambao tayari walijua. Wale wenye sahani sikuwa nimewafikia. Nikamwomba Mama Jeneroza ruhusa, na Mzee Saidi nikamwomba ruhusa kubwa zaidi. Alifikiri siku tatu. Siku ya nne, baada ya kumeza, alisema tu, "Kuja leo. Kuna mukeke."

Garaji ilikuwa uwanja wenye paa la mabati upande mmoja na upepo wa ziwa pande zote zilizobaki. Sinia lilikuwa tayari chini, ugali wa muhogo, mukeke, yule samaki wa ziwa letu, katika nyanya, na mboga za lengalenga. Jumapili aliniona wa kwanza. "Oo, msichana ya sante, ya kule kituoni! Umekuja kutuchoma sindano? Anza na Bosco, ana matako makubwa." Bosco, mtu wa magurudumu, akamrushia kitambaa. Mzee Saidi hakuketi. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kwamba anaumwa ugonjwa wa Nduwayo, kwamba anameza dawa, kwamba amewaficha.

Jumapili aliinuka, akaenda kwenye kabati la vyombo vya kazi, akarudi na sahani ya bati yenye mstari wa buluu. Akapakua ugali na kipande cha samaki, akaiweka mbali kidogo, pale ukutani. Hakuifanya kwa ubaya. Aliifanya kama alivyofundishwa. Mzee Saidi aliitazama. "Hiyo ni ya Nduwayo," akasema. "Mi ndiye niliwafundisha hiyo. Nilikosea." Na akaenda kukaa pale, mgongo kwao.

Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Hewa, chumba, majuma. Sikuisema. Nilinawa mikono, nikaenda nikaketi karibu naye, nikamega kutoka sahani yake, mkono wangu ukigusana na wake katika mchuzi. Mukeke ulikuwa mtamu na umepoa. Nilipokwisha kumeza ndipo niliposema, nikiwa nimewapa wao uso: "Nafanya kazi na watu wa kifua kila siku. Kama ugonjwa huu ungeingia kwa chakula, mi ningekuwa wa kwanza kuzikwa." Bosco alicheka kwanza, kwa pua. Jumapili akakuna kichwa. "Basi rudi, muzee," akasema hatimaye, "ugali unalia. Lakini usikoholee mchuzi, hata bila ugonjwa ni adabu." Mzee Saidi alirudi. Mmoja wao, kijana wa welding, alikula amesimama siku ile, na kwa mwezi mzima. Sikumlaumu. Hofu nayo hupona kwa miezi.

Baada ya hapo Mzee Saidi alichukua simu ya mkewe kila asubuhi hadi garajini, akaiweka juu ya boneti ya gari lolote lililokuwepo, sauti imefunguliwa, akameza mbele yao. Nilipouliza, aliyejibu alikuwa Jumapili. "Amemeza, dada. Nimechungulia mpaka chini ya ulimi. Lakini yale meno, Mungu amusaidie!" Bosco na wote waliokuwa wakikohoa walikuja kupimwa kituoni, wakigombana nani aingie kwanza. Mwezi wa pili makohozi ya Mzee Saidi yalikuwa safi. Wa tano, safi. Siku ya mwisho Mama Jeneroza alimpa mkono kama wanaume wanavyopeana, akamwambia, "Sasa nenda, baba, usinirudie hapa." Na yeye akaniambia, "Kesho usinipigie, mwanangu. Niko na safari." Sikumwuliza ya wapi. Nilihuzunika kidogo, na nikaona aibu kuhuzunika.

Alinipigia kesho yake mchana. Hakubipu. Alipiga, nami nikapokea, na nyuma yake nikasikia upepo na mbuzi.

"Nimempata Nduwayo," alisema. "Niko naye kwa dada yake, huku juu, wanalima muhogo. Nimemuomba musamaha. Akanipa kiti."

"Yu mzima?"

"Anakohoa. Aliacha dawa siku ile aliacha garaji. Amekonda, mwanangu. Nimemuambia tutateremuka wote wawili kesho, mi namuleta mwenyewe mpaka sante. Nimemuambia pale kuna mutu anasikiliza. Hasadiki." Akashusha sauti. "Ongea naye."

Simu ilipita kutoka mkono hadi mkono. Nilisikia kikohozi, kirefu, kile ninachokijua hata leo nikiwa usingizini, kisha pumzi, kisha sauti ya mtu ikisema, "Ego," ndiyo kwa Kirundi. Jina lake nilikuwa nalijua tangu wiki ile ya nne. Nilimwuliza anaitwa nani, nikangoja alitaje mwenyewe.